Wembe na Kinoo: Habari za Chuma cha Ufipa

Mithali ya Waswahili husema: Mwenzako akinyolewa, wewe tia maji. Twaitumia kuonyana juu ya mambo ya dunia. Walakini leo twataka kuishika kama ilivyo, tusimulie habari za wembe wenyewe: chuma chake kilitoka wapi katika nchi ya Ufipa, na makali yake hutunzwaje.

Nchi hii ya juu, iliyo kati ya ziwa la Tanganyika na ziwa Rukwa, ilisifika zamani kwa chuma. Hata leo msafiri aweza kuona tanuru za kale zimesimama, zilizojengwa kwa udongo wa kichuguu, nyingine zapata futi kumi kwenda juu. Wafipa waliziita malungu. Hazikuhitaji mivukuto. Chini yake palikuwa na matundu pande zote, na moto wenyewe uliuvuta upepo ndani. Mawe ya chuma na makaa yalipangwa tabaka juu ya tabaka, moto ukawaka siku kadha wa kadha. Kilichotoka kilikuwa bonge lililochanganyika na taka. Nalo likatiwa katika tanuru ndogo, iitwayo kintengwe, likavukutwa kwa mivukuto hata likasafika. Ndipo mhunzi alipolipiga nyundo, akafanya majembe, mashoka, mikuki, visu, na nyembe.

Chuma cha namna hii mara nyingi kilikuwa laini, kwa kuwa kaboni iliyomo ni kidogo. Chuma laini hunoleka upesi, na upesi huwa butu. Kwa hiyo mwenye wembe hakuachana na kinoo chake. Tena wembe ulikuwa na kazi kubwa katika nchi nyingi za bara: kichwa cha mtoto mchanga kilinyolewa, na wafiwa walinyolewa matanga yalipokwisha. Ubaya wa wembe butu hauonekani ukiwa umechomekwa ukutani. Huonekana kichwani pa mtoto.

Mapadre Weupe walipofika Karema mwaka 1885 walikuwa wenye kufuga ndevu, basi hatuwezi kusema kwamba walikuja kutufundisha kunyoa! Lakini katika Ulaya ya siku zile nyembe za kukunja zilikuwa zimekwisha enea, hasa zile za Sheffield katika Uingereza na za Solingen katika Ujerumani. Huko Sheffield, baada ya mwaka 1740, Benjamin Huntsman alikuwa amevumbua njia ya kuyeyusha chuma cha pua katika vyungu vya udongo, kikatoka kigumu na sawasawa kotekote. Wembe wa pua hukaa na makali siku nyingi, walakini nao hauwezi kuishi pasipo jiwe.

Na kazi yake ni hii. Kinoo kiwe bapa, kilowe maji. Laza wembe, mgongo na makali vyote viguse jiwe. Usukume makali yakitangulia, pasipo kugandamiza. Ufikapo mwisho, ugeuze kwa kuuviringisha juu ya mgongo wake, kisha urudi. Jiwe likiisha kula chuma cha kutosha pande zote mbili, chukua ukanda wa ngozi, uuvute wembe juu yake mgongo ukitangulia, ili makali yanyoke yasikate ngozi. Ndipo utie maji ya moto na povu la sabuni usoni, unyoe kwa kufuata nywele zinakoelekea. Auonaye wembe wake unavuta ndevu na kuchoma, asitie nguvu. Na arudi kwenye jiwe. Nguvu hutoa damu, makali huondoa nywele.

Mwaka 1904 Gillette wa Marekani alipewa hati ya wembe wake mpya, ambao kijembe chake ni chembamba, hutupwa kikiisha kuwa butu. Mambo ya majembe yalifuata njia iyo hiyo. Majembe ya viwanda vya Ulaya yaliingia kwa bei nafuu, na tanuru za Ufipa zikazimwa moja moja. Hata mwaka 1937, jarida la Tanganyika Notes and Records lilipochapa makala ya Greig juu ya chuma cha Ufipa, kazi ile ilikuwa imekwisha dhoofika sana.

Tena kulikuwa na sababu nyingine. Wahunzi wa kale walitumia kapu la dawa, wakashika miiko mingi, na Mkristo aliona shaka kukaribia kazi hiyo. Padre Wyckaert aliandika mwaka 1914 katika jarida la Anthropos habari za wahunzi wapagani na wahunzi Wakristo wa nchi hizi. Basi twaona kwamba walikuwako waliojua kupambanua. Moto, upepo na makaa ndivyo vilivyoyeyusha jiwe, wala si dawa ya kapuni. Ni haki kuacha uganga. Lakini kuuacha ufundi pamoja nao ni hasara.

Twasoma katika Maandiko kwamba siku za Mfalme Sauli hapakuwa na mhunzi katika Israeli, na kila mtu alishuka kwa Wafilisti kunoa jembe lake na shoka lake. Siku ya vita ilipofika, watu wa Sauli hawakuwa na upanga wala mkuki. Habari hii yatupasa tuifikiri. Kununua chombo si aibu. Aibu ni kutojua hata kukinoa.

Basi, wasomaji wapenzi, kila mtu awe na wembe wake mwenyewe, asiazimane na mwenziwe, kwa kuwa UKIMWI na magonjwa mengine ya damu huweza kupita katika makali. Ukiwa wa kunolewa, aunoe. Na ukiona tanuru ya kale karibu na shamba lako, usiibomoe kwa kutaka udongo. Wachukue watoto, uwaonyeshe matundu ya upepo, uwaambie: Hapa ndipo babu zetu walipolitoa jembe katika jiwe.