Mabwana wa Ngome ya Krumlov

Kusini mwa Bohemia, katika nchi iitwayo leo Cheki, mto Vltava hujipinda mfano wa nyoka aliyejikunja. Ndani ya pindo hilo umo mji wa Krumlov, na juu ya mwamba, ng'ambo ya maji, imesimama ngome ambayo habari zake zimeandikwa tangu mwaka 1253.

Mabwana wa kwanza walikuwa tawi la ukoo wa Vítek. Tawi hilo lilipokosa mrithi mwaka 1302, ngome iliwaangukia jamaa zao, akina Rožmberk, ambao alama yao ilikuwa waridi jekundu lenye petali tano. Waliikalia kwa miaka mia tatu. Vilém, aliyefariki mwaka 1592, aliipamba ikawa jumba la fahari. Lakini alioa mara nne asipate mtoto, na madeni aliyoyaacha hayakuwa haba. Nduguye Petr Vok, ambaye naye hakujaliwa mtoto, alilazimika kumwuzia Kaisari Rudolf wa Pili ngome hiyo mwaka 1602.

Kaisari akampeleka huko Julius, mwanawe wa nje ya ndoa, kijana aliyepatwa na wazimu. Huyo alimchukua Markéta, binti wa kinyozi, akamjeruhi vibaya. Binti akaponea chupuchupu akarudi kwa wazazi wake. Ndipo Julius alipomtia baba yake kifungoni, mpaka binti akarudishwa ngomeni. Mwezi wa Februari 1608 alimwua. Msomaji atauliza, wazee wa mji walikuwa wapi? Lakini ni nani kati yao angethubutu kumshika mwana wa Kaisari? Kaisari mwenyewe ndiye aliyeamuru afungwe, naye Julius akafa humo ngomeni mwaka 1609.

Mwaka 1622 ngome ilitolewa zawadi kwa ukoo wa Eggenberg, na mwaka 1719 ikarithiwa na akina Schwarzenberg. Hao walijenga upya ukumbi wa michezo ya kuigiza, na mitambo yake ya mbao ingalipo.

Mwaka 1947 sheria iliyotungwa kwa ajili ya ukoo huo peke yake ilitwaa mali zao zikawa za serikali. Wakati huo wenyeji wengi wa mji, waliosema Kijerumani, walikuwa wamekwisha kufukuzwa baada ya vita. Nyumba zao ziliingiwa na watu wengine.