Laini ya simu ni ufunguo wa akaunti ya benki

TANGU huduma ya M-Pesa ilipozinduliwa nchini Kenya mnamo Machi 2007, na benki nyingi baadaye kuunganisha akaunti za wateja na simu zao, mwizi hana haja ya kuvunja kufuli. Anachohitaji ni laini ya simu ya mwathiriwa pamoja na nambari zake za siri.

Mbinu yenyewe ni sahili. Tapeli humpigia mteja akijifanya mhudumu wa benki au wa kampuni ya simu. Humweleza kwa upole kuwa laini yake inakaribia kufungwa, kisha humwomba nambari ya kitambulisho, mwaka wa kuzaliwa na PIN. Akishazipata, hudai kuwa yeye ndiye mwenye laini hiyo, kwamba imepotea, na kuomba kadi mpya yenye nambari ileile. Kadi hiyo inapoanza kufanya kazi, ile ya mwenyewe hukatika. Kuanzia hapo arafa zote za benki, zikiwemo nambari za muda za kuidhinisha malipo, humfikia tapeli.

Dalili kuu ni simu kupoteza mtandao ghafla ilhali simu za watu wengine mahali hapo zinafanya kazi. Wengi hudhani ni hitilafu ya mitambo, wakasubiri hadi asubuhi. Kusubiri huko ndiko humpa mwizi nafasi ya kuhamisha akiba, na hata kukopa kwa jina la mwathiriwa. Anayeona dalili hiyo anafaa kutumia simu nyingine mara moja kuitaka benki ifunge akaunti, kisha aarifu kampuni ya simu na kupiga ripoti katika kituo cha polisi.

Hata hivyo, kinga ni rahisi kuliko kufuatilia pesa zilizokwisha kuibwa. Mhudumu halisi hamwombi mteja PIN. Safaricom huwapigia wateja wake kwa nambari 0722 000 000, na arafa za ulaghai hupokelewa kwa nambari 333. Mteja wake pia anaweza kubonyeza *100*100# ili laini yake isibadilishwe na mawakala wa mitaani.

PIN isiwe mwaka wa kuzaliwa, wala isiwe moja kwa simu na benki. Isitajwe mbele ya jamaa wala wakala, kwani kikulacho ki nguoni mwako.

Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Uhalifu wa Mitandao ya mwaka 2018 inawaruhusu walaghai wa aina hii kushtakiwa. Lakini kesi huchukua muda mrefu, na pesa huondoka kwa dakika chache. Mlinzi wa kwanza wa akaunti ni mwenyewe.