Ulanguzi wa binadamu: Jinsi ya kuutambua, kuukabili na kuwasaidia waathiriwa

ULANGUZI wa binadamu ni uhalifu ambao mara nyingi huanza kwa habari njema. Jirani, shangazi au rafiki wa zamani wa shule humjia binti aliyemaliza kidato cha nne bila karo ya chuo, akamwambia kwamba kuna kazi Riyadh, Doha au Bangkok. Nauli imelipwa na pasipoti itashughulikiwa. Asichoambiwa ni kwamba mleta habari huyo hulipwa kwa kila mtu anayempeleka.

Itifaki ya Palermo, iliyopitishwa na Umoja wa Mataifa mwaka 2000 na ambayo Kenya ilijiunga nayo mwaka 2005, inautambua uhalifu huu kwa mambo matatu. Kuna kitendo, yaani kumwajiri, kumsafirisha au kumhifadhi mtu. Kuna mbinu, kama vile nguvu, hadaa au kuutumia vibaya unyonge wake. Na kuna lengo, ambalo ni kumnyonya kwa kazi za kulazimishwa, ukahaba, utumwa au kumtoa viungo vya mwili. Mwathiriwa akiwa mtoto, mbinu haihitaji kuthibitishwa. Wala si lazima mpaka uvukwe. Msichana aliyetolewa kijijini kwa ahadi ya kusomeshwa Nairobi, kisha akageuzwa yaya asiye na mshahara wala ruhusa ya kutoka langoni, amelanguliwa sawa na aliyepandishwa ndege.

Ulanguzi usichanganywe na magendo ya wahamiaji. Wengi wa vijana wa Ethiopia wanaoingia nchini kupitia Moyale wakielekea Afrika Kusini wamejilipia safari wenyewe. Hata hivyo, safari iliyoanza kwa hiari huweza kugeuka njiani, wasafiri wakafungiwa nyumba moja huku jamaa zao wakidaiwa pesa. Kwa sababu hiyo, polisi wanaowanasa wanapaswa kuwahoji mmoja mmoja, kwa lugha wanayoielewa, kabla ya kuwafikisha kortini kwa kosa la kuwa nchini kinyume cha sheria.

Kinga iliyo bora zaidi hupatikana kabla ya safari, na Kenya inayo sheria ambayo wasafiri wengi hawaijui. Sheria ya Ajira ya 2007 inataka mkataba wa kazi ya ng'ambo uwe wa maandishi na uidhinishwe na afisa wa leba. Afisa huyo hatakiwi kugonga muhuri tu. Ni lazima aridhike kwamba mfanyakazi amekubali kwa hiari, hakudanganywa wala kushurutishwa, ameyaelewa masharti, na afya yake inaruhusu kazi hiyo. Kumshawishi mtu aende kufanya kazi nje bila mkataba wa aina hiyo ni kosa. Basi ajenti anayesema mkataba utatiwa sahihi "mkifika huko" amekwisha kujianika.

Mamlaka ya Kitaifa ya Ajira, iliyoundwa kwa sheria ya 2016, huweka orodha ya mashirika yenye leseni ya kuwapeleka watu ng'ambo. Kuikagua huchukua dakika chache. Msafiri aache nyumbani nakala za pasipoti, viza na mkataba, pamoja na jina la mwajiri na mji atakaoishi, na akubaliane na jamaa zake juu ya neno la siri la kuashiria hatari. Viza ya utalii kwa mtu anayekwenda kufanya kazi ni dalili mbaya.

Dalili hiyo ndiyo iliyopuuzwa na vijana walioanza kunaswa kusini mashariki mwa Asia mnamo 2022. Waliahidiwa kazi za ofisini Thailand, wakavushwa hadi Myanmar na Laos, wakafungiwa katika majengo yenye walinzi na kulazimishwa kuwatapeli watu kwenye intaneti. Wengi walikuwa wasomi, wazoefu wa kompyuta. Dhana kwamba ulanguzi huwapata wasiosoma pekee imepitwa na wakati.

Katika nchi za Ghuba, tatizo kuu ni mfumo wa kafala, unaofunga ukaazi wa mfanyakazi kwa mwajiri wake. Anayetoroka mateso huweza kuripotiwa kuwa mtoro, akakamatwa. Saudi Arabia ililegeza masharti hayo Machi 2021, lakini mageuzi hayo yaliwaacha nje wafanyakazi wa nyumbani, ambao ndio waliohitaji kulindwa zaidi.

Humu nchini, Sheria ya Kukabiliana na Ulanguzi wa Watu ya 2010, iliyoanza kutekelezwa Oktoba 2012, inatoa adhabu ya kifungo kisichopungua miaka 30, au faini isiyopungua Sh30 milioni, au vyote viwili. Neno hilo "au" ni dosari, kwani tajiri wa mtandao huweza kulipa huku dalali wake wa kijijini akienda jela. Kwa upande mwingine, sheria hiyo inasema kukubali kwa mwathiriwa si utetezi kwa mlanguzi, na inamkinga mwathiriwa asishtakiwe kwa makosa yaliyotokana moja kwa moja na kulanguliwa kwake.

Watoto wanahitaji jicho la pekee. Mwaka 2022 uchunguzi wa BBC ulifichua watoto walemavu waliotolewa Tanzania na kufanywa ombaomba katika barabara za Nairobi, mapato yakienda kwa waliowaleta. Anayemshuku mtu anayezunguka na mtoto hivyo anaweza kupiga simu bila malipo kwa nambari 116, au kumwona afisa wa watoto wa kaunti ndogo. Kumtupia mtoto sarafu humtajirisha bwana wake.

Mwathiriwa anapopatikana, la kwanza ni usalama, matibabu na mahali pa kulala. Maswali marefu yanaweza kungoja. Asilazimishwe kusimulia kisa chake mara kumi kwa maafisa kumi. Ujumbe wa simu, stakabadhi za M-Pesa na tiketi zihifadhiwe, kwani ndizo zinazomfunga ajenti anapodai hamjui. Nyumba salama nyingi huendeshwa na mashirika ya kijamii na ya kidini, na zinazopokea wanaume ni adimu, kana kwamba wanaume hawalanguliwi.

Sheria ya 2010 iliunda pia hazina ya kuwasaidia waathiriwa, na inaagiza wapewe makao, ushauri nasaha, matibabu na msaada wa kurudi katika jamii. Hatua hii ya mwisho ndiyo ngumu. Anayerudi mikono mitupu hukuta kijiji kilichotarajia nyumba ya mawe, na pengine shamba la mzazi limewekwa rehani ili ajenti alipwe. Korti ina uwezo wa kuamuru mlanguzi amlipe mwathiriwa fidia, lakini amri hiyo hutolewa tu baada ya mshtakiwa kupatikana na hatia, na mwenye kudai shamba huwa hangoji kesi iishe.