Harufu Iliyokamuliwa
Enzi za Edo (1603–1868) nchini Japani, wakulima wa pamba wa Kinai, eneo la Osaka, walirutubisha mashamba yao kwa samaki. Kwanza walinunua hoshika, yaani sardini waliokaushwa katika fukwe kama Kujukuri. Baadaye wakaja heringi kutoka kisiwa cha kaskazini kinachoitwa leo Hokkaido. Wengi hudhani uvundo wa mbolea hii haukwepeki, ukitaka rutuba uuvumilie. Biashara ile yaonyesha vingine: kinachonuka ni uozo, na uozo hauendi bila maji. Tazama kazi yenyewe. Heringi walichemshwa katika masufuria makubwa ya chuma, wakatiwa kwenye shinikizo la mbao, wakakamuliwa hadi maji na mafuta yakachuruzika. Mafuta yaliwashiwa taa. Mashudu yalivunjwavunjwa, yakaanikwa mikekani, yakapakiwa kwenye merikebu za matanga. Nitrojeni nyingi ilibaki humo. Bakteria wanaozalisha trimethilamini, ile shombo kali ya samaki aliyeoza, ndio waliokosa unyevu.

Mtu atapinga: walikamua wapate mafuta na mzigo mwepesi, wala hawakujali pua ya mtu. Kweli, na sidhani kambi zile za kukamulia heringi zilinukia waridi. Lakini nia yao haibadilishi kilichotokea ndani ya samaki. Mbolea ya samaki ya maji ya siku hizi, ambayo haikukaushwa, mara nyingi hutiwa asidi: huwazuia bakteria na kuishika trimethilamini isiruke hewani. Mashudu nayo yakilowa hunuka upya. Hapo dawa ni kuyafukia.