Gesi na Hewa Ukaa Katika Bastola za Mchezo

Mtu anunuaye bastola ya easofti, yaani ile bastola ya mchezo irushayo gololi za plastiki zenye kipenyo cha milimita 6, huulizwa suali moja kabla ya yote: ataka ya gesi, ama ya CO2? Suali hili limekwisha kuwa ada katika biashara hiyo, na muuzaji hulitamka pasi na kusita. Walakini mwenye kulitafakari atabaini kwamba limekaa upogo, kwa kuwa hiyo CO2, ambayo vitabu vyetu vya shule huiita kabonidayoksaidi na magazeti huiita hewa ukaa, nayo ni gesi kamili, wala hakuna sababu ya kielimu ya kuitenga na jamii yake. Mfasiri atakayelichukua suali hilo na kulimimina katika Kiswahili neno kwa neno atakuwa ameingiza nchini kosa la watu wengine, tena bila ya kulipa ushuru.

Na kosa lenyewe lina kinaya ndani yake. Neno gesi lilizuliwa na Jan Baptist van Helmont, tabibu na mwanakemia wa Flanders aliyefariki mwaka 1644, akilichonga kutokana na neno la Kiyunani lenye maana ya machafuko yaliyokuwako kabla ya ulimwengu kupangika. Na alichokuwa nacho mbele yake alipokuwa akitafuta jina kilikuwa ni makaa ya miti. Alichoma ratili 62 za makaa, akabakiwa na ratili 1 ya majivu, akahukumu ya kuwa zile 61 zilizotoweka zimegeuka roho isiyoonekana wala kuzuilika chomboni. Habari hizo zilitoka katika kitabu alichokichapisha mwanawe mwaka 1648, na roho ile tuijuayo leo ndiyo kabonidayoksaidi. Basi kitu cha kwanza kupewa jina la gesi ndicho hiki ambacho wauza bastola wamekitoa katika gesi. Na Waswahili waliosema hewa ukaa, bila shaka pasi na kumsoma van Helmont, wameirejesha roho hiyo kwenye makaa ilikotoka.

Kwa nini, basi, wachezaji wakafarikisha? Jawabu lapatikana Japani, ambako mchezo huu ulizaliwa katika miaka ya 1970. Sheria ya nchi hiyo ya mwaka 1958 juu ya bunduki na panga ilikuwa imemfungia raia wa kawaida mlango wa kumiliki bastola ya kweli, na mafundi wakajitahidi kuunda mifano inayofanana nayo kwa sura na kwa uzito, ikirusha kitu kisichojeruhi. Zile zilizotumia gesi zilijazwa kwanza gesi za majokofu, na baadaye ile iitwayo HFC-134a, ambayo kwenye joto la nyuzi 20 za selsiasi husukuma kwa nguvu ya mara 5 na nusu hivi ya mgandamizo wa hewa inayotuzunguka. Nguvu hiyo yatosha kwa bastola ambayo kipande chake cha juu, kile kirudicho nyuma kila inapolia, ni cha plastiki. Nje ya Japani wachezaji walitaka zaidi, wakaiendea propani, yenye mgandamizo wa mara 8 hivi kwa joto lile lile; wauzaji wakaibandika jina la gesi ya kijani, ambalo halisemi lolote, kwani haina rangi. Hiyo ni ndugu wa gesi iliyomo katika mitungi yetu ya jikoni, ambayo ni mchanganyiko wa propani na butani, ila hii ya bastola imeongezwa mafuta kidogo ya silikoni ya kulainisha mipira ya ndani, na imeondolewa ile harufu kali itiwayo makusudi katika gesi ya kupikia ili uvujaji wake ujulikane. Kuwaka huwaka vile vile, na asiyeisikia harufu asidhani kuwa haimo chumbani.

Hapa inafaa tutulie kidogo, kwa kuwa asiyefahamu tabia ya gesi iliyokaa katika hali ya umajimaji hawezi kufahamu tofauti yoyote inayofuata. Propani iliyomo ndani ya magazini ya bastola si mvuke mtupu; sehemu kubwa ni majimaji, na juu ya majimaji hayo ndipo ulipo mvuke unaosukuma. Mgandamizo wa mvuke huo hautegemei wingi wa majimaji yaliyosalia, bali hutegemea joto lake tu, ndiyo maana bastola iliyobakiwa na robo ya gesi hupiga sawasawa na iliyojaa, mpaka tone la mwisho likome, kisha hufa ghafula. Lakini kila risasi itokapo, majimaji hulazimika kugeuka mvuke ili kuziba pengo, na kugeuka huko hunyang'anya joto kutoka katika chuma cha magazini, kama mtungi wa udongo unavyoyapoza maji yake kwa jasho linalokauka ubavuni. Mwenye kupiga upesi upesi atahisi magazini ikiwa baridi kiganjani, na gololi zake zitaanza kuanguka karibu kuliko alikokusudia, kwa sababu propani iliyoshuka hadi nyuzi 0 haina tena nguvu ya mara 8, bali ya mara 4 na nusu hivi. Ndipo mchezaji wa Ulaya, atokaye nje katika majira ya baridi, huikuta bastola yake imezimia kabla hajaanza kucheza.

Hewa ukaa nayo hupoa kwa kanuni ile ile, wala hakuna gesi iliyosamehewa. Illa inaanzia mbali sana. Kwa nyuzi 20 mgandamizo wake ni mara 56 hivi, na kwa nyuzi 0 ungali mara 34, hata ikipoa inabaki na akiba kubwa. Nguvu kama hiyo haikai katika magazini ya kawaida, na kwa hiyo huuzwa ndani ya kichupa cha chuma kilichofungwa kiwandani, chenye gramu 12, ambacho mchezaji hukipachika ndani ya magazini na kukitoboa kwa parafujo. Kikishatobolewa hakiwezi kufungwa tena: sharti kitumiwe chote siku hiyo hiyo, kwani kukiacha usiku kucha ni kuitesa mipira ya ndani, ambayo huinyonya hewa hiyo ikavimba. Tena hewa ukaa huja kavu, haina mafuta yake, na mwenye bastola yampasa kuyatia mwenyewe. Na kile kipande cha juu hurushwa nyuma kwa kishindo kinachowapendeza wengi, walakini kishindo hicho hicho ndicho kinachokipasua baada ya muda, endapo fundi wake hakukiunda kwa chuma cha kustahimili. Kuna jambo jingine litupasalo sisi wa nchi za joto: hewa ukaa haiwezi kukaa katika hali ya umajimaji joto likipita nyuzi 31, na hapo mgandamizo wake hupanda upesi mno, hata kichupa kilichosahauliwa ndani ya gari lililoanikwa juani kikawa kitu cha kuogopwa.

Hapana budi tutaje pia sheria, kwa kuwa nguvu iliyozidi haiwi fadhila kila mahali. Japani iliweka mpaka mwaka 2006, kwa hesabu ya jouli 3.5 kwa kila sentimita mraba ya gololi, ambayo kwa gololi ya milimita 6 ni kiasi cha jouli 0.98, maana yake ni kwamba gololi ya gramu 0.2 isipite mwendo wa mita 99 hivi kwa sekunde. Uingereza, kwa sheria ya mwaka 2017, imeruhusu jouli 2.5 kwa bastola ipigayo moja moja na 1.3 kwa ile imiminayo mfululizo. Mwenye bastola ya hewa ukaa huifikia mipaka hiyo mapema kuliko mwenzake.

Na dhana ya kuwa hewa ukaa ndiyo adui wa tabianchi, kama tusomavyo kila siku katika habari za biashara yake, huwapotosha baadhi ya wachezaji wenye nia njema. Ile HFC-134a ya Wajapani, uzito kwa uzito, hulitia joto anga kiasi cha mara 1,430 kuliko hewa ukaa katika muda wa miaka 100. Gramu 12 za hiyo zina taathira ya kilo 17 za hii. Ndiyo sababu mataifa yalikutana Kigali mwezi wa Oktoba mwaka 2016 yakaafikiana kuzipunguza gesi za jamii hiyo hatua kwa hatua, na mapatano hayo, yaliyobeba jina la mji wa Rwanda, yamewafikia hata watengeneza bastola za mchezo, ambao sasa wanatafuta gesi mbadala.

Turudi kwenye istilahi. Kusema bastola ya hewa ukaa ni sahihi kikemia, ila kuna hatari masikioni, maana tunayo tayari bunduki ya hewa, isukumwayo na hewa tuivutayo puani, na msikilizaji mwenye haraka atalidondosha lile neno la pili. Kusema bastola ya gesi na kuikusudia propani peke yake ndilo kosa tuliloanza nalo. Rai yangu ni kwamba tuziite kwa kazi ya mkono wa mchezaji, si kwa kemia: ile ijazwayo kwa kupindua magazini na kulibana kopo juu ya kilango chake iwe bastola ya kujaza, iwe imejazwa propani ama chochote kitakachokuja baada ya Kigali, na ile ipachikwayo kichupa iwe bastola ya kitungi. Hapo suali la muuzaji litakuwa na akili: ya kujaza, ama ya kitungi? Mwenye kipande cha juu cha plastiki, au mwenye kucheza ndani ya nyumba na katika nchi ya joto, ningemshauri ya kujaza. Mwenye kwenda uwandani nyuzi zikikaribia sifuri, na bastola yake ni ya chuma, achukue ya kitungi, lakini aseme dukani kitungi cha gramu 12, kwa sababu vile vya gramu 8, vinavyofanana navyo kwa umbo na kwa rangi, aghalabu ni vya kutengenezea maji ya soda.