Lahaja za Kichatino na Suala la Asili Moja

Kichatino huzungumzwa na watu wapatao 45,000 katika milima ya kusini ya jimbo la Oaxaca, nchini Meksiko. Pamoja na Kizapoteki, ni tawi moja la jamii ya lugha za Oto-Mangue. Tangu Franz Boas alipochapisha maelezo juu yake mwaka 1913, swali moja limewashughulisha wanaisimu: je, hii ni lugha moja yenye lahaja, ama ni lugha kadhaa zenye asili moja?

Makundi yanayotambuliwa ni matatu: Zenzontepec, Tataltepec na Mashariki. Kundi la Mashariki lenyewe lina lahaja nyingi, karibu kila kijiji na yake. Zenzontepec ndiyo iliyojitenga kwanza.

Hapa hatuna budi kutahadhari. Mti huitwa *yaka* huko Zenzontepec, ilhali San Juan Quiahije, katika kundi la Mashariki, huitwa *yka*: irabu isiyo ya silabi ya mwisho imedondoka. Lahaja ya San Marcos Zacatepec nayo imezihifadhi irabu hizo za kale. Je, basi Zacatepec ni ndugu wa karibu wa Zenzontepec? La hasha. Urithi wa kale ulikuwa wa wote, na kuuhifadhi si dalili ya udugu wa karibu. Udugu huthibitishwa na mabadiliko yaliyofanyika kwa pamoja. Na kwa kipimo hicho, Zacatepec ni ya Mashariki.

Quiahije, iliyopoteza irabu, ina mfumo wa toni ulio tata mno. Maneno yake mengi ni ya silabi moja, na toni pekee ndiyo huyatenganisha. Kuiandika bila toni ni kuiandika nusu. Kwa sababu hiyo Emiliana Cruz na Hilaria Cruz, wanaisimu waliozaliwa na lugha hiyo, wameshughulikia sana namna ya kuziandika toni zake.

Sheria ya Meksiko ya mwaka 2003 ilizitambua lugha za wenyeji kuwa lugha za taifa, lakini Kihispania kingali kinatawala shuleni. Pakiwapo shauku ya kuteua lahaja moja iwe kiwakilishi cha zote, yafaa ikumbukwe kwamba Zenzontepec inashuhudia irabu ambazo Quiahije imezipoteza, na Zacatepec inatuzuia tusiusome ushahidi huo vibaya. Ikinyamaza mojawapo, historia ya zote hupungukiwa na shahidi.