Gobore katika Uzaramo: Ushahidi wa Maneno na wa Mikataba

Gobore, au gobori kama wasemavyo wengine, ni bunduki ipakiwayo kwa mdomoni. Baruti humiminwa ndani ya mtutu, hufuatwa na risasi, na vyote hushindiliwa kwa mdeki. Huko Ulaya na Marekani wapo leo watu wanunuao vipande vya bunduki ya namna hii na kuviunga nyumbani kwa kujifurahisha. Katika Uzaramo, nchi ambayo sehemu yake sasa imekuwa Kinondoni, Ilala na Temeke, gobore halikuwa mchezo. Lililinda shamba lisiliwe na nguruwe na nyani, na wakati wa vita lililinda nafsi. Swali la historia ni hili: kwa nini silaha iliyoachwa na majeshi ya Ulaya katika karne ya 19 ilidumu mikononi mwa wanavijiji hata karne ya 20? Wengi hujibu kwamba ni umaskini tu, au ni kutojua silaha bora. Ushahidi wa lugha na wa mikataba waonyesha vingine.

Kwanza yafaa kuyatazama majina ya bunduki zenyewe. Kiswahili kilizitofautisha kwa njia ya kuwashia moto. Bunduki ya mrao iliwashwa kwa utambi uwakao polepole. Bunduki ya gumegume kwa jiwe litoalo cheche. Bunduki ya fataki kwa kifuniko kidogo cha shaba chenye dawa ya kulipuka, kilichoenea katika majeshi ya Ulaya katika miaka ya 1830 na 1840. Mwisho ikaja bunduki ya viasi, ipakiwayo kwa nyuma. Majina hayo manne yanahifadhi ngazi zote za maendeleo ya silaha hiyo kwa taratibu yake. Basi hawezi kusemwa kuwa mjinga wa tofauti za bunduki mtu ambaye lugha yake ilizipambanua hivyo.

Majina ya sehemu na ya vifaa yana fundisho jingine. Vitu vilivyoletwa na jahazi vilikuja na majina yao. Risasi ni neno la Kiarabu lenye maana ya madini ya risasi. Kasiba, jina jingine la mtutu, nalo ni la Kiarabu, na asili yake ni unyasi au tete. Baruti na bunduki pia zilitoka ng'ambo. Lakini mahali mkono wa mwenyeji ulipoishika kazi, maneno ya nyumbani yalitosha. Sehemu ya nyuma iliitwa kitako, na tundu la mbele mdomo. Mtambo ni neno lihusulo pia mtego wa wanyama, na kufyatua ni kitendo cha mtego kabla ya kuwa kitendo cha bunduki. Hata silaha kubwa ya vita iliitwa mzinga, jina la gogo lililotobolewa likaliwa na nyuki. Mwindaji aliielewa silaha ngeni kwa ufundi aliokuwa nao tayari.

Tukio la pili la kuangaliwa ni biashara. Mkataba wa mwaka 1833 baina ya Sayyid Said bin Sultan na Marekani uliwaruhusu Wamarekani kufanya biashara katika bandari za Sultani, ila uliweka sharti juu ya bunduki, baruti na risasi: katika kisiwa cha Unguja ziuzwe kwa serikali peke yake, bali katika bandari nyingine ziuzwe pasipo kizuizi. Maana yake ni dhahiri. Mtawala aliulinda mji wake, na mlango wa mrima ukabaki wazi. Baadaye, majeshi ya Ulaya yalipogeukia bunduki za viasi, zile za zamani ziliuzwa kwa wingi katika Afrika kwa bei nafuu.

Ndipo ukaja Mkataba wa Brussels wa tarehe 2 Julai 1890, uliotiwa sahihi pia kwa niaba ya Sultani wa Zanzibar. Mkataba huo, uliokusudiwa kukomesha biashara ya watumwa, ulizuia silaha kuingizwa katika Afrika baina ya nyuzi 20 kaskazini na nyuzi 22 kusini ya Ikweta. Lakini ulitoa nafasi ya pekee: bunduki za gumegume zisizo na mifuo ndani ya mtutu, pamoja na baruti ya kawaida, ziliweza kuruhusiwa. Hapa ndipo penye kiini cha jambo. Silaha ya kale haikubaki kwa kuwa Mwafrika hakuitaka iliyo mpya. Ilibaki kwa kuwa sheria ilimwachia ile tu, huku askari wa dola wakibeba bunduki za viasi na bunduki za rashasha.

Gharama ya tofauti hiyo ilionekana katika Vita vya Majimaji, 1905 hadi 1907. Wapiganaji wengi walikuwa na mikuki, mishale na magobore. Imani kwamba maji yangegeuza risasi kuwa maji yafaa ifikiriwe pamoja na hali hiyo: watu waliijua vizuri bunduki, na kwa sababu waliijua walitafuta kinga yake. Kibasila, kiongozi wa Uzaramo, alinyongwa na Wajerumani. Leo shule moja ya sekondari katika Temeke ina jina lake.

Baada ya vita hivyo kazi ya kulidumisha gobore iliwaangukia wahunzi, waliotengeneza upya mitambo na vitako, na wengine kuunda bunduki nzima. Sheria ya Tanzania ya mwaka 2015 ya kudhibiti silaha inahesabu kuwa kosa kuunda au kumiliki bunduki bila kibali, na usalama wa raia wadai hivyo. Hata hivyo, gobore linapotajwa katika habari za mahakama tu, historia yake hupotea pamoja na msamiati wake. Mdeki, gumegume na mrao ni maneno ambayo vijana wengi wa mjini hawayatumii tena. Ni wajibu wa wenye kukusanya lugha kuyaandika kutoka vinywani mwa wazee wa Kisarawe na wa vitongoji vya mji, kwa kuwa sheria yaweza kukitwaa chuma, lakini maneno hayahitaji kibali.